Maswali ya Wasomaji: Uzi, Sindano na Kofia za Krosheti

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zina mzizi mmoja: pateni, yaani maelekezo ya kufuma, iliyoandikwa kwa ajili ya nchi ya baridi inafumwa mahali ambapo hewa ina chumvi na uzi haukauki upesi. Vipimo vyetu vyote ni vya milimita, sentimita na gramu. Tukisema krosheti fupi tunamaanisha ule mshono wa kulabu unaochoma, kuvuta uzi na kufunga vitanzi viwili kwa mpigo. Krosheti ndefu ni ule unaozungusha uzi kwenye kulabu kwanza kabla ya kuchoma.

Assalamu alaykum. Nafuma kofia za krosheti za kuuza, kwa wale ambao kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, hawaimudu. Juu ya kofia hapanyooki. Mara panafanya mawimbi kama pindo la gauni, mara panajikunja pakawa bakuli, na pateni naifuata neno kwa neno. Tatizo ni nini?
*Mfumaji, Langoni, Lamu*

Waalaykumu salaam, dadangu. Mawimbi maana yake vitanzi vimezidi, bakuli maana yake vimepungua. Kila duara linapokua kwa kimo cha safu moja, mzingo wake hukua kwa kimo hicho mara 6.28. Krosheti fupi ina kimo kinachokaribia upana wake, ndiyo sababu pateni husema ongeza vitanzi 6 kila mzunguko. Krosheti ndefu ina kimo cha takriban mara mbili, kwa hiyo huongezwa 12. Sasa pateni haiujui mkono wako. Mkono unaokivuta kitanzi juu sana hutoa mshono mrefu kuliko upana wake, 6 haitoshi, na kingo zinaanza kuinuka. Mkono unaobana kimo hufanya kinyume.

Kabla ya kuulaumu mkono, hesabu. Wengi hukosea pale mzunguko unapofungwa: kitanzi cha kwanza kinarukwa, au kile cha kufungia kinahesabiwa kama kitanzi kipya. Tia pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kitanzi cha kwanza cha kila mzunguko, ukihamishe unapopanda. Hesabu ikiwa sawa na bakuli bado linatokea, ongeza 7 badala ya 6 kwa mizunguko mitatu minne, kisha ulaze kazi mezani uitazame. Yakitokea mawimbi, weka mzunguko mmoja usio na nyongeza baada ya kila mitano.

Angalia pia pateni imetoka wapi. Mwingereza akisema "dabo" anamaanisha krosheti fupi, Mmarekani akisema "dabo" anamaanisha ndefu. Ukifuma fupi na huku unaongeza 12, mawimbi hayaepukiki hata mkono wako uwe mzuri namna gani.

Ukitaka kuachana na pateni kabisa, hesabu ni hii. Tumia uzi wa pamba mwembamba na kulabu ya mm 2.5. Fuma kipande cha sm 15 kwa 15, kifue, kikauke, kisha pima sm 10 za katikati. Usipime kingo, huwa zinadanganya. Tuseme umepata vitanzi 28. Kichwa cha mtu mzima wa sm 56 kitataka 28 kugawanya kwa 10, mara 56, yaani kama 157. Shusha hadi 156 kwa sababu inagawanyika kwa 6. Anza na vitanzi 6 ndani ya duara la kukazwa (kitanzi cha uzi kinachovutwa mpaka tundu lake lifunge), mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, hivyo hivyo hadi wa 26. Hapo una 156, na sahani ya juu ina kipenyo cha karibu sm 18. Nyongeza zisipangwe moja juu ya nyingine mzunguko baada ya mzunguko, la sivyo duara litageuka pembe sita. Zisogeze: safari hii anza na nyongeza, safari ijayo anza na vitanzi kadhaa vya kawaida.

Kona ya kofia, pale juu panapokutana na ubavu, hutengenezwa kwa mzunguko mmoja wa kuchoma uzi wa nyuma peke yake badala ya nyuzi zote mbili za kichwa cha kitanzi. Ukiuruka mzunguko huo, kofia inateremka kwa mviringo na kufanana na ya kulalia. Baada ya hapo fuma 156 bila kuongeza hadi kimo cha sm 8 au 9. Ubavuni weka matundu ya hewa: kila mzunguko wa nne, krosheti ndefu moja, mnyororo mmoja (kitanzi kinachovutwa kwa kulabu bila kuchoma popote), ruka kitanzi kimoja, rudia. Ukipenda maua, 156 inachukua ua la vitanzi 12 mara 13 bila kubaki kitu. Donge moja la gramu 50 kwa kawaida hutosha kofia moja, ingawa mkono mzito huligusa la pili.

Wanga ndio unaoipa kofia heshima. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo au wa mahindi katika robo kikombe cha maji baridi, mimina polepole kwenye kikombe kimoja na robo tatu cha maji yanayochemka, koroga hadi yawe kama kioo. Yakipoa kiasi cha kushikika, chovya kofia, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, kisha ivishe chombo chenye mzingo wa sm 56. Sufuria inafaa, lakini uifunike kwa karatasi ya nailoni kwanza, kwani alumini huacha doa la kijivu kwenye pamba nyeupe. Piga pasi ikiwa bado na unyevu kidogo, juu yake kitambaa chembamba.

Nilinunua sindano kuukuu namba 8. Pateni ya Marekani inataka namba 8. Sweta ya mume wangu ya kuvulia samaki usiku imekuwa ya mtoto wa shule. Vitanzi ni vile vile 90, mbele na nyuma.
*Mama wa watatu, Malindi*

Pole, mama. Namba 8 ya Marekani ni mm 5. Namba 8 ya Uingereza, ile ya zamani ambayo bado imechongwa kwenye sindano nyingi kuukuu, ni mm 4. Mifumo hiyo miwili inakwenda kinyume: ya Marekani namba ikipanda sindano inanenepa, ya Uingereza namba ikipanda sindano inakonda. Zinazotumika sana ni hizi: kwa namba za Uingereza, 12 ni mm 2.75, 11 ni mm 3, 10 ni mm 3.25, 9 ni mm 3.75, 8 ni mm 4, 7 ni mm 4.5 na 6 ni mm 5. Kwa Marekani, 3 ni mm 3.25, 6 ni mm 4, 7 ni mm 4.5 na 8 ni mm 5.

Hasara yako inaonekana kwa hesabu. Pateni ya sindano ya mm 5 kwa kawaida hutarajia vitanzi 18 kwa sm 10, na 90 hutoa upana wa sm 50. Kwa sindano ya mm 4 na uzi unaoifaa, sm 10 huchukua vitanzi 22 hivi, na 90 hutoa sm 41. Mbele na nyuma, kifua cha sm 100 kimebaki sm 82. Hilo halivutiki wala halipigiki pasi likapona. Fumua. Lakini usikimbilie mm 5 kwa uzi ule ule kabla hujatazama unene wake. Kama ni uzi wa kufumiwa mm 4, kwenye mm 5 utatoka wavu, na upepo wa kusi utapita humo moja kwa moja. Baki na mm 4, anzisha vitanzi 110, na ongeza idadi ya safu kwa uwiano huo huo.

Sindano isiyo na namba kabisa haina haja ya kutupwa. Mchukulie seremala kibao kigumu akutobolee matundu kwa keekee ya mm 2.5, 3, 3.5, 4, 4.5 na 5, na aandike kipimo kando ya kila tundu. Sindano ni ya tundu dogo kabisa ambalo inapita bila kulazimishwa. Ya mm 3.25 itakwama kwenye 3 na kuchezacheza kwenye 3.5. Kibao hicho ni bora kuliko vipimo vingi vya plastiki, ambavyo matundu yake hulika.

Mjukuu wangu anatarajiwa Agosti, inshallah. Nina pateni ya Kiingereza ya koti la mtoto mchanga, inataka gramu 150 za sufu. Sufu kwa Malindi naona ni kumwonea mtoto. Je, nikitumia pamba ninunue gramu hizo hizo?
*Bibi mtarajiwa, Malindi*

Hongera, bibi, na umewaza vyema. Pamba inafaa zaidi: inanyonya jasho na inafulika mara nyingi. Akriliki, uzi wa plastiki ambao sokoni huuzwa kwa jina la sufu, hainyonyi. Jasho hubaki kwenye ngozi, na shingoni ndiko upele huanzia.

Gramu zisahau, fuata mita. Pamba ni nzito kuliko sufu, kwa hiyo gramu 50 zake hutoa uzi mfupi. Soma lebo ya uzi ulioandikwa kwenye pateni. Ikisema gramu 50 ni mita 170, madonge matatu ni mita 510. Pamba uliyoipata ikiwa na mita 125 kwa gramu 50, gawanya 510 kwa 125, unapata 4 na chembe. Nunua 5, yote siku moja.

Pamba haina mpira ndani yake. Ile ribu ya mikononi na kiunoni, kitanzi kimoja mbele (uzi ukiwa nyuma ya kazi) kimoja nyuma (uzi ukiwa mbele ya kazi), kwenye sufu hurudi ikivutwa, kwenye pamba hulegea ikabaki wazi kama mdomo wa mfuko. Ifume kwa sindano ndogo kwa saizi mbili: koti la mm 3.25, ribu kwa mm 2.75. Au iache kabisa, uweke safu 8 za vitanzi vya mbele pande zote mbili. Kwa koti la joto sisi tungeiacha. Pamba pia hurefuka kwa uzito wake, hivyo kipande chako cha majaribio kianike kwa vibanio usiku kucha kabla ya kukipima urefu.

Kingo za mbele zitajikunja ndani ikiwa umefuma upande mmoja mbele na upande wa pili nyuma mpaka mwisho. Hilo ni umbile la mfumo wenyewe na pasi hairekebishi. Weka vitanzi 5 vya mbele tupu mwanzo na mwisho wa kila safu. Matundu makubwa ya mapambo yaepuke, kidole cha mtoto hunasa humo. Vifungo vya mm 12 vishone kwa uzi wa cherehani mara sita saba na uvivute kwa nguvu. Kikitikisika, kishone upya. Ukimfumia na kofia, ni ya kutokea nje asubuhi. Asilale nayo.

Uzi wangu wa buluu uliisha mkono mmoja kabla ya mwisho. Nikaagiza donge kutoka Mombasa, lebo ile ile, namba ya rangi ile ile. Mkono umetoka tofauti.
*Kijana anayejifunza, Shela*

Ndugu yetu, lebo ina namba mbili. Moja ni ya rangi, ya pili ni ya mkupuo: nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja, siku moja. Mikupuo miwili ya buluu moja huachana kidogo, na jicho huona mara tu vikilala kando kwa kando. Fumua mkono wenye tofauti na ule mwingine pia, kisha fuma yote miwili kwa kupokezana, safu mbili za donge la zamani, safu mbili za jipya. Mikono yote ikiwa sawa, tofauti yake na kiwiliwili haitazamwi. Kama uzi wa zamani umebaki kidogo mno, uweke kwenye mwili na utumie mpya kwa ukosi na mikono peke yake, ionekane umekusudia.

Nitajuaje uzi usio na lebo ni wa nini?
*Msomaji, Malindi*

Kwa moto, uani, juu ya sufuria yenye maji. Shika kipande cha sm 10 kwa kibano. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi, na huacha jivu jepesi la kijivu. Sufu huwaka kwa uvivu, huzimika ukiiondoa motoni, hunuka nywele, na punje yake nyeusi hupondeka kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kudondoka, moshi wake ni mweusi mkali, na ikipoa huacha donge gumu lisilopondeka. Harufu ya karatasi pamoja na donge gumu ni mchanganyiko.

Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, hata inayouzwa kama uzi wa mwanzi, huwaka sawasawa na pamba, hapo moto hausaidii. Lowesha uzi uuvute mpaka ukatike. Pamba ikilowa huwa na nguvu zaidi, viskosi hukatika kirahisi. Na ukishajua ni akriliki, pasi ya moto iwe mbali nayo: inalala, inang'aa, na haiinuki tena.

Niliacha kitambaa cheupe cha meza kwenye sindano za chuma mvua za masika zote. Kuna mistari ya kutu. Nitie dawa ya kung'arisha nguo?
*Mkomani, Lamu*

Usitie. Dawa ya klorini hukoleza kutu na kuikaza ndani ya uzi. Tandaza kitambaa juani, mwagia doa chumvi kijiko kimoja cha chai, kamulia nusu ndimu, acha saa moja au mbili ukiongeza ndimu kila linapokauka. Suuza kwa maji mengi, kwa sababu asidi iliyobaki hula pamba. Rudia kesho kama limefifia tu. Hii ni ya pamba nyeupe. Ya rangi jaribu kwanza kwenye ukingo usioonekana.

Kazi isiyoendelea ihamishie kwenye uzi mnene wa nailoni, vitanzi vyote, na sindano uifute. Sindano za mwanzi ndizo tunazozipendekeza kwa visiwani, ingawa zikishika unyevu hukwaruza na hutaka kusuguliwa kwa msasa laini. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini kwa jasho la vidole hupaka uzi mweupe kijivu. Za chuma zipake tone la mafuta ya cherehani, zifunge kitambaani, na zifute kabisa kabla ya kuzitumia.

Vitambaa vya makochi nilivitia maji ya sukari visimame. Sisimizi wamehamia sebuleni.
*Jirani wa sokoni, Malindi*

Bila shaka wamehamia. Sukari pia huvuta unyevu wa hewa, na kwa pwani kitambaa hunata tena baada ya siku chache hata bila mdudu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, suuza mara tatu, tumia wanga ule wa kofia hapo juu. Wanga nao una adui: mende. Vitambaa vya kuweka kabatini kwa miezi viwekwe vimefuliwa, vimekauka kabisa, bila wanga.

Shali jeupe lenye mistari myekundu. Nilitia chumvi kwenye maji ya kwanza kama tufanyavyo kwa kanga, na bado nyekundu imeingia kwenye nyeupe.
*Bi harusi mtarajiwa, Lamu*

Chumvi husaidia rangi kuingia kwenye uzi wakati wa kutia rangi. Uzi ukishatoka kiwandani, chumvi haishiki kitu. Kama shali bado halijakauka, liache hivyo hivyo ndani ya maji. Jaza beseni kubwa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, tia sabuni ya unga kidogo kuliko kawaida, zamisha shali lote, libaki masaa sita. Maji yakiwa mekundu yamwage na uanze upya. Maji mengi ndiyo dawa, kwani rangi iliyoachia ikipata nafasi ya kuelea haitafuti nyeupe ya kukalia. Ukilikausha kwanza, kulitoa doa ni kazi ngumu zaidi.

Kwa madonge mekundu yaliyobaki: kunja uzi kuwa shada, lifunge sehemu nne lisitatizike, lifue kabla ya kufuma. Kisha lowesha kipande, kiweke ndani ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya uvuguvugu. Kitambaa kikitoka kisafi, fuma. Baada ya kusuuza mara tano bado kinachafuka, huo uzi usikae na nyeupe. Ufumie kitu chekundu kitupu, na kifuliwe peke yake.